Uliza Bibi Shamba: Dawa kwenye nyanya, zabibu na mboga za majani

Mvua zikishika Dodoma, ukungu hushika nyanya, na mkulima hushika bomba. Ndiyo maana barua nyingi za msimu huu zimekuja na hofu moja: tunakula nini? Nimechagua sita. Nyingine zinafanana nazo, na walioziandika watajiona humu.

Shikamoo Bibi Shamba. Naishi Kisasa, nina mtoto wa miaka mitatu anayependa sana nyanya mbichi. Siku hizi nyanya ninazonunua soko la Majengo zina madoa meupe. Jirani mmoja ananiambia nizioshe kwa sabuni ya vyombo, mwingine anasema chumvi, mwingine siki. Baba mtoto anataka tuache kabisa mboga za kununua. Nifanyeje? – Mama mtoto, Kisasa

Marahaba mwanangu. Madoa hayo kwa kawaida ni dawa ya ukungu, na inayotumika sana kwenye nyanya ni mankozebu. Ni unga unaokorogwa na maji na kupulizwa. Maji yakikauka, unga unabaki juu ya ganda na kujikusanya zaidi kwenye kikonyo, ambako tone la mwisho hukaa. Mankozebu haipenyi sana ndani. Kwa hiyo doa unaloliona ndilo unaloweza kulipunguza kwa maji na mkono wako.

Linalonisumbua zaidi ni lile usiloliona. Dawa nyingi za wadudu haziachi rangi. Mwaka 2014 aliingia nchini mdudu ambaye wakulima wamempa jina la kantangaze, kiwavi anayetoboa jani na tunda la nyanya na kumaliza shamba zima. Tangu hapo nyanya imekuwa zao linalopulizwa mara nyingi mno, na nyanya inayong'aa inaweza kuwa imepulizwa juzi. Usichague kwa macho tu ukaona umemaliza.

Osha hivi. Nyanya iwe nzima, usiikate wala kutoa kikonyo kwanza, maana kisu kitapitisha uchafu wa ganda kwenda ndani. Kama una maji ya bomba yanayotiririka, isugue moja moja kwa vidole chini ya maji kwa nusu dakika hivi. Najua mitaa mingi yetu maji ni ya mgao. Basi tumia bakuli: maji kidogo, sugua, mwaga, maji mengine, sugua, mwaga, kisha suuza. Kubadilisha maji kunasaidia kuliko kujaza beseni kubwa na kuloweka kila kitu humo, kwa sababu dawa iliyotoka inabaki ikielea pamoja na nyanya zako. Maji hayo yamwage, usimpe kuku wala mbuzi.

Sabuni ya vyombo, hapana. Ganda la tunda lina vitundu vidogo, sabuni inabaki, na haikutengenezwa kwa ajili ya kuliwa. Chumvi na siki vinapunguza baadhi ya dawa, lakini kusugua kwa maji safi ndiko kunakofanya sehemu kubwa ya kazi. Ukitaka kuongeza kitu, chukua bekingi soda, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji, loweka kwa dakika 12 hadi 15, kisha suuza vizuri. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, waliijaribu kwenye matufaha yaliyopakwa dawa mbili, ikaondoa zilizokuwa juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu. Lakini watafiti hao hao walikuta sehemu ya tano ya dawa mojawapo imeshapenya ndani ya tunda kwa muda wa siku moja tu, na hiyo hakuna soda iliyoifikia.

Na usiseme, "Nitaipika, moto utaua dawa." Moto unaua vijidudu. Mankozebu ikipikwa hubadilika na kutoa kemikali nyingine, ETU, inayosumbua tezi iliyo mbele ya shingo, ile ambayo ikivimba tunaiita goita. Kwa hiyo nyanya za mchuzi zioshwe kwa uangalifu ule ule wa nyanya za kachumbari, na zioshwe kabla hazijaona sufuria.

Mtoto wako wa miaka mitatu anakula chakula kingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake kuliko wewe, na ini na ubongo wake bado vinakua. Yeye mmenyee. Ukishaosha nyanya, itumbukize kidogo kwenye maji ya moto, ganda litatoka lenyewe. Karoti na matango mmenyee pia. Kabichi vua majani mawili matatu ya nje uyatupe. Na usimlishe mboga ile ile ya muuzaji yule yule kila siku. Zungusha: leo mlenda, kesho matembele, keshokutwa majani ya kunde au ya maboga. Mboga hizi za asili zinapulizwa kidogo au hazipulizwi kabisa, na huku kwetu hatuna uhaba nazo wakati wa mvua. Ila mlenda pori usichumwe pembeni ya shamba la alizeti lililopigwa dawa ya magugu.

Kwa baba mtoto: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na wengi wetu hatufiki hapo. Mtoto asiyekula mboga anadhurika kwa hakika, tena mapema. Msiache mboga.

Bibi Shamba, shikamoo. Mimi nauza nyanya na hoho. Wateja wanaruka nyanya zenye madoa, kwa hiyo asubuhi tunazifuta kwa kitambaa ili zing'ae. Je, tunawadanganya watu? – Kijana wa genge, Chang'ombe, Dodoma

Marahaba. Umeuliza jambo ambalo wengi hawapendi kuulizwa. Kufuta kunatoa vumbi la juu, ni kweli, lakini linahamia kwenye kitambaa, kutoka hapo kwenye vidole vyako, na vidole hivyo hivyo vinamega chapati ya saa nne. Kitambaa kimoja kinafuta tenga zima, na mwisho kinapaka kuliko kinavyofuta. Ukifuta kikavu unavuta unga huo puani. Nimewaona kina mama pale sokoni wakifuta huku mtoto amelala mgongoni, na mkono ule ule ukampa mtoto maji. Hilo linanitia uchungu sana.

Ukitaka kufuta, kitambaa kiwe kimelowa, kisuuzwe mara kwa mara, nawa kwa sabuni kabla ya kula, na mtoto asishike kitambaa hicho. Mteja akikuuliza kama zimeoshwa, mwambie hazijaoshwa, akaoshe. Na wewe muulize anayekuletea mzigo: shamba liko wapi, lilipulizwa lini mara ya mwisho? Mara ya kwanza atakushangaa. Wakiuliza wauzaji wote wa safu yako, atakuja na jibu.

Bibi, nalima nyanya na chainizi Hombolo. Wadudu hawafi, sasa nachanganya dawa tatu kwenye solo moja, yaani bomba la kupulizia. Tajiri anakuja na fuso na hela mkononi siku mbili baada ya kupiga dawa. Nikimkatalia anakwenda kwa jirani. Nina ada za watoto. Kuna mtu kweli ameumwa kwa sababu ya mboga zangu? – Mkulima, Hombolo

Mwanangu, nakushukuru kwa kuandika wazi. Swali lako ndilo mzizi wa barua zote za leo, kwa sababu mama wa Kisasa anaweza kusugua hadi mkono uchoke, lakini dawa iliyoingia ndani ya jani haifikii. Inayeyushwa na siku tu, na siku hizo ziko mikononi mwako.

Kwenye kibandiko cha kila dawa iliyosajiliwa kuna idadi ya siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Namba hiyo haikubuniwa dukani. Watu walipuliza zao, wakachuma kila baada ya siku kadhaa, wakapima mabaki hadi yaliposhuka chini ya kiwango kinachokubalika. Jua linavunja dawa, mvua inaiosha, mmea wenyewe unaivunja kadiri unavyokua. Ukivuna siku ya pili dawa inayotaka siku 14, umeuza ambayo bado haijavunjwa. Chainizi ni mbaya zaidi ya nyanya, maana jani ulilolipuliza ndilo linaloliwa lote, halina cha kumenya.

Unauliza kama kuna aliyeumwa. Mtu akila mboga iliyopulizwa juzi kwa dawa kali ya jamii ya fosfati, kama profenofosi, anaweza kutapika, kuumwa kichwa, kutokwa jasho na mate mengi. Akienda zahanati ataambiwa ni tumbo. Hatakujua wewe, na wewe hutamjua yeye. Tafiti zilizofanywa kwenye mboga za mikoa yetu zimekuta mabaki yaliyovuka viwango. Kuvuka kiwango peke yake hakuna maana kwamba mlaji ataanguka siku hiyo, kwa kuwa viwango huwekwa vikiwa na nafasi kubwa ya usalama. Kuna maana kwamba shambani siku hazikuhesabiwa, na kwamba watu wanaokula hivyo kila siku, miaka yote, wanabeba mzigo ambao hawakuuchagua.

Anayeumia kwanza, hata hivyo, ni wewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa nchi yetu ulikuta kama theluthi yao wanachanganya dawa, na asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia vibaya baada ya kupuliza. Ukishuka shambani macho yanachoza, kifua kimebana, misuli inachezacheza, usiseme ni jua. Vua nguo, oga kwa sabuni, nenda hospitali na chupa ya dawa mkononi ili daktari asome jina. Dawa ya kukutibu ipo, inaitwa atropini, lakini lazima ajue anatibu nini.

Sasa tufanye kazi. Kwanza, kuchanganya. Dawa mbili za majina tofauti dukani mara nyingi ndani yake ni kiini kile kile, yaani kemikali inayofanya kazi, kwa hiyo unalipa mara mbili na kuzidisha dozi. Wadudu waliozoea kiini hicho hawataki dozi kubwa. Wanataka kiini kingine. Soma jina la kiini, yale maandishi madogo chini ya jina la biashara, kisha badilisha jamii ya dawa kwa zamu. Ukichanganya bila maelekezo, hakuna anayejua siku za kusubiri za mchanganyiko wako. Angalau hesabu zile ndefu kuliko zote.

Pili, nyanya unachuma kila wiki au chini ya hapo. Dawa ya siku 14 haiwezi kutumika uchumaji ukishaanza, hata ukiwa mtu mwema kiasi gani. Itumie mapema, mimea ikiwa michanga. Ukianza kuchuma, muulize mwenye duka la pembejeo dawa yenye siku chache, moja hadi tatu. Dawa za bakteria wa Bt zinaua viwavi na hazimsumbui mlaji. Kantangaze mwekee mitego ya harufu inayomnasa dume, uanze kabla hujamwona jani la kwanza limeungua. Gawa shamba kwa majaruba: upande mmoja upulizwe, mwingine uwe umetimiza siku zake na ndio tajiri apakie.

Tatu, nunua chupa iliyofungwa, yenye namba ya usajili wa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ile ya kupimiwa kwenye chupa ya soda iache. Angalia utepe wa rangi chini ya kibandiko: mwekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, bluu, na kijani ni hafifu. Kwenye mboga sitaki kabisa kusikia utepe mwekundu.

Kuhusu tajiri na jirani yako, sitakuambia umkatalie peke yako ukalale njaa. Kaeni wakulima wa skimu, mpange ratiba ya kupuliza na kuvuna, mumpe tajiri tarehe mapema. Akikuta shamba zima lina tarehe, atazifuata. Na hapa nasema kwa masikitiko: mboga zetu zinazokwenda Ulaya zinapimwa mabaki, zikizidi zinarudishwa. Nimesimama mara nyingi malango ya masoko yetu magari yakishusha kutoka Ilula, Gairo na mabondeni kwetu, na sijawahi kuona tenga la nyanya likiulizwa lilipulizwa lini. Mlaji wa Dodoma ana mwili sawa na wa mlaji wa Ulaya. Masoko makubwa kama Majengo na lile la Job Ndugai yangeanza hata na daftari tu, jina la shamba na tarehe ya dawa ya mwisho, na wewe mkulima unayesubiri usingepigwa bei na asiyesubiri.

Bibi Shamba, zabibu zetu zina unga mweupe. Ni dawa au ni asili yake? Wageni wakija tunaona aibu. – Msomaji, Mpunguzi

Zote mbili zinawezekana. Kungu jepesi lililosambaa sawasawa juu ya punje nzima, ukipitisha kidole linafutika na kuacha ngozi inayong'aa, hiyo ni nta ya zabibu yenyewe na haina neno. Ni dalili kwamba zimechumwa karibuni na hazijashikwashikwa. Madoa ya matone, mengi upande wa chini wa punje na kwenye vikonyo, hayo ni dawa, mara nyingi salfa ya kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Salfa si ya kutisha kama dawa za wadudu, ila inawasha koo na tumbo. Kata kichala kiwe vipande vidogo ili maji yafike katikati, suuza mara mbili tatu. Aibu isiwepo.

Salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, Kondoa. Vijana wanasema saratani zimejaa kwa sababu ya mboga zenye dawa. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni?

Salaam Mwalimu. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka dawa za wadudu malathioni na diazinoni, na dawa ya magugu glifosati, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi uliotoka kwa watu ulitoka hasa kwa wanaoshika dawa kazini, miaka na miaka. Anayekula mabaki anapata kiasi kidogo mno ukilinganisha nao, na si rahisi kumnyooshea kidole mgonjwa mmoja ukasema ni mchicha. Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa watoto walio tumboni: klorpirifosi, iliyotumika sana kwenye mboga, imehusishwa na kudhoofisha ukuaji wa ubongo. Umoja wa Ulaya uliiondoa mwaka 2020, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu muda mrefu, ziliiingiza kwenye orodha ya kemikali za kuachwa. Mwenye duka akikupa yenye kiini hicho kwa ajili ya mboga, irudishe.

Lakini Mwalimu, uwaambie vijana na hili. Mwaka 2016, hapa mkoani kwetu na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa kwa sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Na sumukuvu inajulikana bila shaka yoyote kuwa inaleta saratani ya ini. Anayeogopa nyanya huku ghalani kwake kuna mahindi yenye ukungu anayoyachanganya na mazima ili yasipotee, amepanga hofu yake kinyume. Ningependa tuhangaike kwanza na ghala, pili na kijana anayepuliza bila barakoa wala mabuti, tatu na sahani ya mtoto. Yote matatu yanafanyika ndani ya wiki moja.

Shikamoo. Mimi ni mama lishe, Chamwino. Kijana mmoja ananiuzia mafuta ya alizeti kwa bei nzuri, lakini galoni lake lilikuwa la dawa ya shamba. Anasema amelisugua kwa mchanga na maji ya moto. Kuna shida?

Marahaba mama. Kuna shida kubwa. Plastiki hunywa dawa, na mafuta huivuta itoke kuliko maji yanavyoweza. Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 wa shule ya msingi walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni. Mafuta ya kupikia yalikuwa na dawa ya wadudu iitwayo monokrotofosi, na uchunguzi ulionyesha yaliwekwa kwenye chombo kilichokuwa cha dawa hiyo. Walikula wali na mboga, kama wateja wako.

Galoni la dawa likiisha husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakirudi kwenye bomba la kupulizia, kisha linatobolewa ili lisitumike tena. Lisichomwe, moshi wake ni sumu. Kijana huyo mweleze bila ugomvi, huenda hajui, na siku ya kununua mpelekee galoni lako mwenyewe. Mafuta uliyonayo sasa usimpikie mtu yeyote, usimpe mtu ayauze, na hata kama ni ya lita 20, yasiingie jikoni leo jioni.